Katuni za zamani zilikuwa bora, ama ni sisi tumezeeka tu?

Watu wa rika langu tukipatana hapa Kisumu, iwe ni harusi ama matanga, stori ikifika kwa watoto lazima mtu atasema katuni za siku hizi zimeharibu watoto, si kama zetu. Mimi nakubali nusu tu.

Hebu tuziangalie hizo zetu kwanza. Tom and Jerry ilianza 1940 na ilikuwa inaonyeshwa kwa sinema kabla filamu yenyewe ianze, watu wazima wamekaa hapo wanacheka, so hii maneno ati ilikuwa kitu safi ya watoto sijui ilitoka wapi. Paka anagongwa nyundo, anavuta sigara, na kuna zile bomu ikilipuka anatokea na uso mweusi na midomo mikubwa, huo ulikuwa mzaha wa kudharau watu weusi wa Marekani na sisi huku Nyalenda tulikuwa tunacheka mpaka machozi inatoka. Yaani tulikuwa tunajicheka wenyewe!

Lakini kazi ni kazi, heshima ipewe. Tom and Jerry ilishinda Oscar 7, muziki inamfuata paka hatua kwa hatua, na maneno ni machache sana, kwa hivyo mtoto wa Ahero anayejua Dholuo pekee alikuwa anaelewa sawa tu na yule wa London.

Sasa za leo. Weka CoCoMelon, ile katuni ya nyimbo za watoto wadogo, uangalie vile picha inabadilika kila baada ya sekunde chache, rangi kali, wimbo juu ya wimbo. Wanaolalamika wana hoja. Mwaka wa 2011 watafiti Marekani walichukua watoto 60 wa miaka 4, wengine wakaonyeshwa katuni ya SpongeBob dakika 9, wengine katuni ya polepole ya kufundisha, wengine wakapewa kalamu wachore, halafu wote wakapewa majaribio ya kutulia na kufikiria. Wale wa SpongeBob walifanya vibaya zaidi. Ila walipimwa papo hapo, haimaanishi akili imeharibika milele, na tena SpongeBob ni ya 1999, vijana wengi siku hizi wanaiita ya zamani!

Na kuna kitu watoto wa leo wanacho sisi hatukuwahi kuota. Katuni ya Akili and Me inatengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, ni ya msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, anahesabu kwa Kiswahili na nywele zake ni kama za mtoto wangu. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi na 2010 ikaonyeshwa na BBC Uingereza, hadithi za sungura na kobe zile nyanya alikuwa anatupea bure. Kwa hapo za kisasa zimetushinda mbali sana.

Kile tulikuwa nacho sisi ni mwisho. TV yetu ilikuwa ya black and white, inatumia betri ya gari, na betri ikianza kuisha picha inajikunja kutoka kando inakuwa ndogo ndogo mpaka inazima, basi, mmetoka nje mcheze, betri itapelekwa sokoni na baiskeli ichajiwe. Ama mzee anaingia anataka habari na hakuna wa kubisha. Leo ikiisha moja ingine inaanza yenyewe, na mama anauza samaki Kondele, mtoto ako hapo chini ya meza na simu, utamlaumu aje? Angefanya nini, na kutafuta Akili and Me kwa makusudi ni kazi ya mtu ako na muda na bando.

Na kama unabisha, za zamani ziko YouTube zimejaa, mwekee wako Tom and Jerry tu asubuhi mpaka saa saba, halafu jaribu kuchukua hiyo simu.