Magazeti Kilo Tatu na Nusu

Ukiwa katibu wa kamati ya harusi Dar es Salaam unapata maadui wa aina mbili: walioahidi na hawajatoa, na waliotoa ambao wanataka kila mtu ajue kwamba wametoa. Wote hao nilikuwa nimewapanga kwenye faili moja la Excel. Kijani ni aliyemaliza, njano ni aliyepunguza, nyekundu ni yule ambaye ukimpigia simu anakuwa kwenye msiba. Faili hilo lilikuwa kwenye kompyuta yangu mpakato, nayo ndiyo kompyuta pekee niliyo nayo duniani. Ya ofisini sina kwa sababu ofisi yenyewe sina. Tasnifu za wanafunzi ninazohariri kwa malipo, barua za wateja, picha za marehemu baba, vyote vimo humo.

Na msiniulize habari ya kuhifadhi mtandaoni. Bando langu la wiki huwa linaisha siku ya pili, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza linakwenda wapi.

Mashine yenyewe ni ya ile aina nyembamba kabisa. Haifiki kilo moja. Haina feni, haina mahali pa CD, haina tundu la waya wa intaneti. Ina tundu moja la USB-C na jingine la hedifoni, basi. Kabla yake nilikuwa na dude la inchi 15 ambalo ukipanda nalo daladala ya Tabata asubuhi, konda anakuangalia kama anayetaka kukudai nauli ya watu wawili. Hii naishika kwa vidole viwili huku mkono mwingine umeng'ang'ania bomba. Umeme ukikatika, haina habari, inaendelea na kazi mpaka usiku.

Ila wanaosifia wepesi hawasemi habari ya mkoba. Tundu likiwa moja, lazima uwe na adapta ya kuchomekea flashi, kipanya na projekta. Nafasi ya ndani ni GB 256 na huwezi kuongeza, maana kila kitu kimelehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo lazima uwe na diski ya nje. Weka na chaja yake. Ukimaliza kupakia, mkoba una uzito ule ule wa zamani, na kitu pekee chepesi humo ndani ni kile ulichokilipia hela nyingi.

Ugonjwa huu wa wembamba naujua ulikoanzia. Januari 2008, San Francisco, Steve Jobs alisimama mbele ya watu akachukua bahasha ya kaki, akaifungua, akatoa kompyuta. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata mmoja hakunyoosha mkono kuuliza: mheshimiwa, kama inaingia kwenye bahasha, itaingia wapi tena sisi tusipoangalia?

Sasa, ninakokaa mimi kuna wezi wa upondo. Asiyewajua ana bahati. Mwezi wa pili joto la Dar haliruhusu mtu kulala amefunga dirisha, nao wanalijua hilo. Wanachana wavu wa mbu, wanapitisha mti mrefu katikati ya nondo, ncha ina ndoano, na wanavua. Suruali, pochi, simu iliyoko chaji. Jirani yangu alivuliwa pasi ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo mimi nikabuni mbinu: kila usiku nikimaliza kazi, kompyuta naisokomeza katikati ya rundo la magazeti pale kwenye kona. Magazeti ninayo mengi, Mwananchi, Nipashe, Mwanaspoti. Gazeti likikunjwa mara moja linalingana na kompyuta hiyo utafikiri wamepimiana. Hakuna mwizi atakayekesha anavua magazeti. Na kweli, hakuna mwizi aliyewahi kuiona. Mbinu ilifanya kazi vizuri mno.

Kisha shangazi akaja kutoka Tanga.

Harusi ilikuwa ya mwanawe, binamu yangu, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuja mapema na kukaa kwangu. Shangazi yangu ni mtu wa usafi. Kitu kikikaa mahali pamoja muda mrefu anakiona kama kinamdharau. Siku ya kikao cha mwisho niliondoka alfajiri kwenda Kariakoo kufuatilia uchapaji wa kadi, nikamwacha anafagia. Niliporudi alasiri, sebule ilikuwa inang'aa, inanukia udi, na ile kona ilikuwa tupu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeona nyumba ilivyopendeza? Wageni watakuja hapa, tusichekwe."

"Magazeti yako wapi, shangazi?"

"Nimeyauza," akasema, kwa fahari ya mtu aliyeokota hela njiani. Akafungua pindo la kanga akanihesabia kwenye kiganja: elfu tano na mia mbili hamsini. "Mangi ananunua buku na jero kwa kilo. Yamefika kilo tatu na nusu. Na alitaka kunionea yule! Aliweka jiwe la kilo mbili, magazeti yakabaki chini. Akaongeza la kilo, bado. Akaongeza nusu ndipo mzani ukasimama. Akaniambia, 'Mama, haya umeyalowesha maji yawe mazito.' Nikamwapia kwa Mungu sijayalowesha. Mimi, kwa umri huu, nidanganye mzani?"

Nikakaa chini sakafuni. Ajabu ya akili ya binadamu, kitu cha kwanza nilichofanya ni hesabu: kwa bei ile, sehemu ya kompyuta yangu ilikuwa kama elfu moja na mia nne hivi.

Nilipomweleza, shangazi alishika mdomo. Nikaona machozi yanakuja, nikamhurumia. Nikamwambia shangazi usijali, haya yametokea hata Marekani. Mwandishi mmoja mkubwa wa jarida la Newsweek, Steven Levy, mwaka ule ule wa 2008 alipewa ile ya kwenye bahasha aijaribu, ikapotelea nyumbani kwake, na mwisho akaamini ilitupwa pamoja na magazeti ya zamani.

Shangazi akafuta machozi, akafikiri.

"Huyo yake imetupwa," akasema. "Yako angalau nimeiuza."

Kuanzia hapo akawa hana hatia tena. Akavaa viatu, tukatoka mbio kwa Mangi. Njiani, bila kuniambia, akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama ni wema au nini: akashika simu akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kamati. "Jamani ndugu zangu, kompyuta ya katibu yenye orodha ya michango imepotea, tuombeane."

Nilikuwa sijafika hata dukani simu ikaanza kutetemeka.

Wa kwanza alikuwa mjomba mmoja wa upande wa bibi harusi, wa rangi nyekundu. "Pole sana katibu. Kwa kumbukumbu tu, mimi dabo yangu nilishatoa taslimu." Akafuata mwingine, wa njano, naye kakumbuka kwamba alimalizia baa, mkononi, wakati watu wanaondoka. Dada mmoja aliyekuwa anadaiwa kadi ya singo akasema yeye alitoa laki, kwa hiyo kama kuna chenji aangaliwe. Ndani ya muda ambao Mangi alikuwa anampimia mtoto sukari ya robo, kamati yetu ilikuwa imekusanya kila senti na kuvuka lengo. Mweka hazina akauliza kwa herufi kubwa: SASA MBONA HELA SINA? Hakujibiwa. Daftari lake lilikuwa na jumla tu. Majina nilikuwa nayo mimi. Mwishoni akatokea mwenyekiti mwenyewe, yule mzee wa Prado, aliyesimama kikao cha kwanza akaahidi milioni moja tukampigia vigelegele: "Mimi nilishamaliza siku nyingi. Tuwe wavumilivu."

Mangi, kwa upande wake, alikuwa mkali. "Nilijua! Nilijua magazeti yale si bure!" Shangazi akataka kumjibu, nikamshika mkono. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 gazeti kuukuu halilali dukani. Bucha wanataka, wauza karanga wanataka. Mangi alisema mzigo wetu wote alikuwa amemgawia Mama Vitumbua wa pale njia panda, kama ulivyokuja, bila kuufungua.

Tukamkuta Mama Vitumbua yuko kazini. Chuma cha matundu saba kiko motoni, anageuza kwa kijiti, mafuta yanaimba. Pembeni yake kwenye stuli kulikuwa na kitu cha kijivu kimetandikwa ukurasa wa michezo, na juu ya ukurasa huo vitumbua vya moto vimepangwa vinachuja mafuta. Kocha wa timu ninayoipenda alikuwa ameloa uso mzima.

"Mama," nikasema, "hiyo ni kompyuta yangu."

"Hii?" Akaiinua kwa mkono mmoja, vitumbua vikiwa juu yake, kama mhudumu wa hoteli. "Baba, hili ni kava. La ndani walishatoa. Kompyuta gani haina uzito? Mwanangu fundi simu kaitazama, kasema haina hata feni. Nikasema basi, itafaa sinia, kingo zake nzuri."

Nikamwomba anipe. Alinihurumia, ila biashara ni biashara: vitumbua vilivyokuwa juu vilikuwa vimeshahesabiwa, na pa kuvihamishia hana. Nikavinunua vyote, kwa hela ya magazeti. Shangazi akaanza kuvila pale pale, alikuwa hajala tangu asubuhi kwa kazi.

Kumbe yule fundi simu, kabla ya kukata tamaa, alikuwa ameichomeka chaja ya simu kwenye lile tundu moja, akaiacha hivyo mpaka mama alipotaka stuli yake. Chaja ya simu inaipa chaji polepole, lakini inaipa. Nikafuta kwa shati, nikafunua. Ikawaka. Asilimia 91. Hapo ndipo nilipousamehe ule ubahili wa waliotengeneza: ingekuwa na feni ingekuwa imevuta mvuke wa mafuta na unga wa mchele mpaka moyoni, na ingekuwa na diski ya kuzunguka, ile safari ya mzani ingetosha kuimaliza. Kilichoingia ni harufu ya iliki tu, na mafuta kidogo upande wa kulia wa kibodi, ambayo kwa wakati huo niliyaona ni jambo dogo.

Hatukumwambia mtu. Shangazi ndiye aliyeshauri hivyo. "Waache waendelee kutoa," akasema, akisoma simu yangu begani, mdomo umejaa kitumbua.

Kikao kilikuwa Sinza, baa, saa kumi na mbili. Watu walijaa kuliko siku zote. Mtu akishajihesabu kamaliza, anakuja kikaoni kwa amani. Anaagiza supu, anatoa maoni kuhusu keki. Mwenyekiti alifungua kwa sala kisha akatoa pole kwa katibu, akasema mambo ya teknolojia ndivyo yalivyo, na akapendekeza tufunge ukurasa wa michango twende kwenye ajenda ya vinywaji. Wakaunga mkono kwa sauti moja.

"Mwenyekiti," nikasema, "imepatikana."

Supu zikatulia.

Nikachomeka waya wa USB-C wa projekta ya baa, ile ya kuonyeshea mpira. Nilikuwa nimekusudia kumstahi mzee. Mstari wa kwanza kwenye orodha ni wake, mwekundu wa kuumiza macho: ahadi 1,000,000, ametoa 0. Mpango wangu ulikuwa orodha ikitokea tu ukutani niishushe haraka, nianzie kwa wale vijana wa chini wasio na Prado. Ikatokea. Nikabonyeza mshale wa kushuka. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Kitufe kikazama kwenye mafuta ya vitumbua na hakikurudi. Nikajaribu kwa kidole kwenye pedi, kidole kikateleza, ukurasa badala ya kushuka ukakua. Sasa jina la mwenyekiti lilikuwa limejaa ukuta mzima wa baa, na ile sifuri ilikuwa na ukubwa wa tairi. Kipanya ninacho, lakini tundu moja lilikuwa limeshakaliwa na projekta, na adapta shangazi alikuwa ameipanga mahali anapopajua yeye.

Muuza baa alitoka kaunta kuja kuangalia.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Katibu," akasema kwa upole wa kutisha, "nasikia hiyo mashine inanukia mafuta ya vitumbua. Kitu kilichopita kwenye mafuta, hesabu zake tutaziamini vipi? Huenda kuna vitu vimedondoka humo ndani. Huenda imepungua."

Watu wa rangi nyekundu wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Shangazi alikuwa kimya muda wote, kitambaa cha vitumbua mapajani. Akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Haijapungua, baba," akasema. "Kabla sijaja hapa nimeirudisha kwa Mangi nikaipima. Iko vile vile."