Yosefu Kamau yupi?

Ukitafuta ukoo wako katika vitabu vya zamani vya parokia ya Kikatoliki, jina moja huweza kuwa la watu kadhaa. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Mzee Kamau akiwa na wana watano, kila mmoja atakuwa na Kamau wake nyumbani. Padri akiongezea jina la mtakatifu, unakuta kina Yosefu Kamau watatu katika kitabu kimoja cha ubatizo, wamepishana miaka michache tu. Katibu wa parokia akiombwa cheti humwandikia mtu Yosefu wa kwanza aliyemwona, na ukoo unahamia kwa baba wa wengine. Ndiyo maana cheti pekee mimi sikiamini. Omba kuuona mstari wenyewe kitabuni, na unakili namba yake.

Macho yaanzie pambizoni mwa mstari huo. Ne Temere, amri ya Kanisa Katoliki kuhusu ndoa iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, ilitaka ndoa iandikwe pia kwenye ubatizo wa kila mwenzi, na Sheria ya Kanisa ya 1917 ikaongeza kipaimara. Ukijua babu yako alimwoa nani, maandishi hayo madogo yanaweza kumaliza ubishi. Pambizo likiwa tupu, halithibitishi kitu: huenda paroko wa mbali hakutuma taarifa.

Halafu Kilatini, lugha ya vitabu hivyo. "Filius Petri" ni mwana wa Petro. Petri si jina la mtu mwingine. Joannes na Joannis vilevile ni Yohana yuleyule, mwisho wa neno umebadilika tu. Majina ya kienyeji nayo yalifuata sikio la mwandishi: Mfaransa aliweka "ou" penye "u", Mjerumani "sch" penye "sh". Yasome kwa sauti kabla hujayatenganisha.

Akina mama ndio wanaosahaulika, hasa baba akiwa na wake wengi. Watoto wawili wa baba mmoja waliozaliwa kwa kupishana miezi mitano wana mama wawili. Lakini hesabu tarehe ya kuzaliwa, usihesabu ya ubatizo. Na kwa mtu mzima aliyebatizwa, mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ni wa kukisia.

Kuna pia mtoto mmoja anayeonekana wawili. Aliyebatizwa na katekista akiwa mahututi, "in periculo mortis", akipona alipelekwa kanisani kukamilishiwa ibada. Tafuta neno "suppletae", yaani ibada zimekamilishwa, kabla hujamhesabu mara ya pili.

Kinyume chake, mtoto akifariki, anayemfuata huweza kupewa jina lilelile. Kwa hiyo pitia kitabu cha wafu, walau miaka mitano ya mwanzo ya kila mtoto, ndipo umpe yeyote mke na wajukuu. Kama parokia ina Status Animarum, kitabu cha familia nyumba kwa nyumba, mama, watoto na vifo unaweza kuviona pamoja.

Bado kina Yosefu hawatengani? Linganisha wasimamizi wa ubatizo na kigango, na uandike kila mmoja kwa penseli, na namba yake.