Kambi ya turubai na mtumbwi: tunauza nini hasa?

Rafiki yangu mmoja, mkongwe wa hoteli za Arusha, aliniuliza swali ninalolisikia kwa wengi: iweje mtu alipe mamia ya dola kwa usiku mmoja, alale kwenye turubai, aoge maji ya ndoo, halafu asubuhi apandishwe mtumbwi katikati ya viboko? Kwa hesabu yake, pale penye kambi ya mahema kumi pangesimama loji ya vitanda mia, na vijana wengi zaidi wangepata ajira. Hoja yake ina uzito, na nitairudia. Ila kuna jambo nililiona Mana Pools ambalo hesabu yake haina mahali pa kuliweka.

Mana Pools iko kaskazini mwa Zimbabwe, ukingoni mwa Zambezi, ikitazamana na Zambia ng'ambo ya mto. "Mana" kwa Kishona ni nne, yaani mabwawa manne yaliyoachwa na mto ulipohama njia yake. Kambi niliyofikia ilikuwa chini ya migunga ile ya ajabu inayopukutisha majani wakati wa mvua na kuvaa kijani kiangazi, tembo wakiifuata kwa ajili ya maganda yake. Bafu lilikuwa ndoo ya turubai iliyoning'inizwa kwenye tawi. Ukiwa tayari unaita, mhudumu analeta maji ya moto, lita ishirini hivi, na ukiwa umejaa sabuni ndipo unapojifunza kuyapima. Mvua zikikaribia kambi yote hung'olewa. Zikiisha husimikwa upya.

Asubuhi tuliingia mtoni kwa mitumbwi mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, mwongozaji akitangulia. Alituambia tutaambaa na kingo, penye maji mafupi, kwa kuwa kiboko akishtuka hukimbilia kina kirefu, na ole wake atakayekuwa kati yake na kina hicho. Kwenye kona moja akanyoosha mkono: simameni. Akagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi, ko, ko, ko. Masikio yakageuka. "Sita," akasema. Wakazama wote. Wakaanza kuibuka mbali, kwenye maji marefu: wawili, wanne, watano. Tukangoja. Nilikuwa nimeshikilia matete mpaka vidole vikafa ganzi. Mgeni mmoja nyuma yangu akauliza kama hatuwezi kupita tu, hakujibiwa. Ndipo yule wa sita akatoa pua upande wetu, palepale tulipokuwa tunataka kupita. Tukarudi nyuma tukazunguka kisiwa.

Nimemfikiria sana kiboko huyo wa sita. Kwenye loji kubwa, sehemu nzito ya bei ni kitanda, bwawa la kuogelea, jenereta na meza ya chakula, na vyote hivyo vinaweza kununuliwa na mtaji wa popote na kuwekwa popote. Kwenye mtumbwi, ukimwondoa mtu anayejua kuhesabu mpaka sita na kukataa kuondoka na watano, hubakiwi na biashara yoyote. Zimbabwe wamelielewa hili mapema: leseni yao ya mwongozaji mtaalamu inajulikana kusini mwa Afrika kwa ugumu wake, ina miaka ya uanagenzi na mtihani wa porini wenye kutumia bunduki, huduma ya kwanza na elimu ya mimea na wanyama, na kuongoza mitumbwi kuna leseni yake ya peke yake. Kijana aliyepita huko ana ujuzi anaoondoka nao. Mwekezaji akifunga virago, ujuzi hauondoki naye. Sisi tumezoea kuhesabu ajira kwa idadi ya vichwa. Mara chache tunauliza kila kichwa kinabaki na nini baada ya miaka kumi.

Hatari ipo, na siipunguzi. Mwaka 1996, juu ya Maporomoko ya Victoria kwenye mto huohuo, mwongozaji Paul Templer alikamatwa na kiboko akapoteza mkono, na mwanagenzi aliyekuwa naye akafa maji. Anayesema wageni wabaki kwenye gari ana kaburi la kuonyesha. Jibu langu ni kwamba ajali ile inadai leseni iwe ngumu zaidi na vikundi viwe vidogo zaidi, na hapo narudi kwenye udogo uleule ambao rafiki yangu anaulaumu.

Kuhusu mapato, ni kweli kwamba mahema kumi hayajazi hazina kama vitanda mia. Lakini vitanda mia vinataka barabara ya malori, kisima kirefu, shimo la maji taka, na vikishajengwa having'olewi mvua zikija. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kujenga bwawa la umeme kwenye korongo la Mupata, ambalo lingeizamisha Mana. Upinzani ulikuwa mkali, eneo likaingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1984, na bwawa halikujengwa. Ng'ambo ya pili ya mizani liko bwawa la umeme la Kariba, juu zaidi mtoni: tangu ukuta wake ukamilike mwaka 1959, Zambezi haifuriki tena kama zamani, na Watonga wapatao 57,000 walihamishwa. Umeme ule ulihitajika, kama tunavyouhitaji wa Rufiji. Ninachosema ni kwamba turubai linaacha mlango wa kubadili mawazo, na zege linaufunga.

Hoja inayonishinda kabisa ni ya bei. Nilikuwa Mwafrika pekee kati ya wageni wa kambi ile. Waafrika wengine walikuwa wahudumu, na sote tulikuwa tunahudumia: wao kwa mshahara, mimi kwa kuombwa nitafsiri salamu ambazo hata mimi sikuzijua. Mto unaolindwa kwa kuwaweka mbali wenye nchi utakosa watetezi siku korongo jingine litakapotakiwa.

Kwa hiyo mimi ningeanzia Momella, kwenye maziwa yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Arusha. Hifadhi hiyo iko karibu na mji, kwenye ziwa lake dogo kuna safari za mitumbwi na viboko wapo, na Mtanzania huingia hifadhini kwa kiingilio cha shilingi, sehemu ndogo ya anacholipa mgeni. Mtumbwi wenyewe hulipiwa kando, na hapo ndipo familia nyingi hurudi nyumbani. Bei ya mwananchi kwa mtumbwi, siku za katikati ya wiki ambazo makafi yanalala tu ufukweni, ingetosha kuanza. Na mtoto wa Tengeru akae mbele, mwongozaji agonge ubavu, naye ahesabu.