Cheka, Lakini Vigamba Hivyo Vinajua Mvua Yako

Wiki hii mtangazaji mmoja wa redio hapa mjini kacheka hewani mpaka kakohoa. Kasikia kuna watu wanalipwa kupima magnesiamu kwenye vigamba vya viumbe wa baharini, vidogo kuliko punje ya mchele, eti wajue bahari ilikuwa na joto gani enzi za kale. "Sisi tunatafuta dagaa, wenzetu wanatafuta vumbi!" Studio nzima ikaangua kicheko. Hongereni.

Sasa tuulizane: mvua za vuli ya 2019 zilitoka wapi? Upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, upande wa Indonesia ukapoa, mvua ikatufuata huku. Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita moja, na Mei 2020 likavunja rekodi ya 1964. Hiyo ya 1964 nayo ilianzia kwenye mvua za 1961, mwaka ambao bahari ilifanya mchezo uleule. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hudondoka moja kwa moja kutoka mawinguni. Mto Kagera na wenzake wanagawana kilichobaki. Kwa hiyo anayeishi Igogo, hapa Mwanza, na hajawahi kuiona bahari, bahari inamjua.

Vipimo vya usawa wa ziwa vina umri wa miaka mia na ushee tu. Kabla ya hapo, kwa upande wa bahari, shahidi ni foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojenga vigamba vya chokaa. Wakifa vigamba vinazama na kujipanga tabaka juu ya tabaka. Maji yakiwa na joto, kigamba hubeba magnesiamu zaidi, kama asilimia 9 kwa kila nyuzi moja. Yakipoa, hubeba zaidi oksijeni nzito, ile ya 18. Ila barafu ya nchi kavu ikiongezeka, nayo hufungia oksijeni nyepesi na kuiachia bahari ile nzito. Mtafiti Cesare Emiliani mwaka 1955 alihesabu sehemu kubwa ya mabadiliko hayo kuwa ni joto. Mwaka 1967 mtafiti mwenzake Nicholas Shackleton akaonyesha kuwa nyingi yake ni barafu. Hapo ndipo magnesiamu inapookoa, maana yenyewe inafuata joto, si barafu. Ni hesabu ya muuza duka: kwenye oksijeni nzito toa joto, toa barafu, kinachobaki kinakusimulia mvukizo na mvua, yaani chumvi ya bahari.

Haya, nakubali, hiyo chumvi ndiyo hesabu dhaifu kuliko zote. Makosa ya kila hatua yanarundikana humo, na kigamba kikilala kwenye kina kirefu huanza kuyeyuka na kupoteza magnesiamu. Mtu akikutajia chumvi ya kale kwa desimali mbili, huyo mcheke.

Ziwa letu ni la maji baridi, foraminifera hao hawamo. Lakini chini ya tope lake kuna udongo uliowahi kuwa nchi kavu. Miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka! Na 2020 kila aliyeshika kipaza sauti alituambia "haijawahi kutokea."

Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka tuache mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sawa. Ukingo upi, wa 2006 maji yalipokimbia, au wa 2020 yalipoingia sebuleni?