Upepo wa bure na pangaboi la shemegi

Kila kusi ikianza kupiga hapa Zanzibar wimbo ni ule ule, mitandaoni na barazani: upepo tunao bure, bahari imetuzunguka, serikali imelala, kwa nini isitoe ruzuku kila nyumba ya pwani ifunge mtambo wake mdogo wa upepo tukaachana na waya wa umeme wa kutoka bara. Na akitokea mtu kuuliza "haya, pesa hizo zitatoa yuniti ngapi?" basi huyo adui wa maendeleo, au katumwa. Mie leo namtetea huyo anaeuliza, sababu naona anaonewa.

Ila hawa wanaotaka ruzuku nao hofu yao si ya kubuni. Waya wa kwanza kutoka Ras Kiromoni, bara, mpaka Fumba ulilazwa 1980, uwezo wake megawati 45, na Unguja ikaulalia huo huo miaka na miaka. 2008 tukakaa gizani kama mwezi mzima, afu Disemba 2009 giza tena mpaka Machi 2010, miezi mitatu watu na ndoo kichwani kwa sababu pampu za maji nazo zinakula umeme huo huo. Ndio, Pemba imepata waya wake kutoka Tanga 2010 na Unguja ikapata mwengine wa megawati 100 mwaka 2013 kwa pesa za Marekani, lakini bado ni waya chini ya bahari na umeme wenyewe unatoka ng'ambo. Alieonja giza lile huwezi kumwambia atulie tu. Na wana hoja nyengine nzuri zaidi, kwamba hata sola ilichekwa, Ujerumani ilipopitisha sheria yake ya 2000 ya kuwalipa watu umeme wa sola kwa bei ya juu walionekana wanachoma pesa, leo paneli zinauzwa Darajani kama ndoo.

Sasa nikupeleke Micheweni, Pemba, kwa shemegi yangu. Huyu bwana kanunua mtambo kwenye makontena ya mtumba, mapanga matatu, upana wake toka ncha mpaka ncha mita 3, umeandikwa kilowati 1. Kaufunga juu ya bomba lililotoka kwenye paa kama mita mbili hivi. Watoto wakauita pangaboi. Kaskazi ulizunguka zunguka, ukichaji betri moja, taa zikawaka, tukapongezana. Kusi ilipokuja na nguvu zake nyumba nzima ikawa inanguruma, bati linatetema, dada yangu hakulala siku tatu, siku ya nne shemegi akapanda na kamba ya kufungia ngalawa akalifunga pangaboi. Yani upepo wenyewe tulioungoja mwaka mzima umefika, na mtambo umefungwa kamba.

Utasema huyo kakosea kufunga, na kweli kakosea. Lakini hebu tupige hesabu angekuwa amefunga sawasawa, maana hapa ndipo watu hawataki kukaa. Kile kilowati 1 kilichoandikwa ni cha upepo wa kama mita 10 kwa sekunde, upepo ambao nahodha mwenye akili anapunguza tanga. Na nguvu ya upepo haishuki sawa na mwendo wake, mwendo ukipungua nusu nguvu haibaki nusu wala robo, inabaki thumuni. Thumuni! Kwa hiyo upepo wa mita 5, ambao ukikaa ufukweni unauona mzuri kabisa na shuka kwenye kamba zinapepea, unakupa wati 125 hivi, ukivuma mchana kutwa usiku kucha bila kupumzika ni yuniti 3 (yuniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja). Nakubali upepo haukai pahala pamoja, unashuka na kupanda, na ule unaopanda unachangia kuliko ule unaoshuka unavyopunguza, basi tuseme yuniti 5, siku nzuri. Paneli za kilowati hicho hicho hapa kwetu zinatoa kama yuniti 4 kwa siku, hazina kinachozunguka, hazingurumi, na kazi yake kubwa ni kufutwa vumbi.

Na hiyo ni kama upepo unaufikia mtambo. Pwani yetu ina minazi, mnazi mrefu unapita mita 20, na wanaofunga mitambo hii wanataka mapanga yawe kama mita 10 juu ya kila kilicho karibu, upepo uliopita kwenye makuti unafika umevurugika, unatikisa mtambo bila kuuzungusha. Hesabu mwenyewe mlingoti huo ni wa mita ngapi na nondo na waya za kuushikilia ni bei gani, afu chumvi, kule mashariki bawaba ya mlango inakufa kwa miaka miwili mitatu sembuse beringi ya mtambo. Waingereza walijaribu hii ya kufunga kwenye majengo, wakapima mitambo 26 mwaka 2007 na 2008, kwa wastani ikatoa chini ya asilimia 1 ya uwezo ulioandikwa. Baadhi ilikuwa imezimwa kwa sababu ya kelele. Dada yangu angewaambia bure.

Kuna wanaonitajia mradi wa upepo wa Mwenga, kule Mufindi bara, mitambo mitatu, megawati 2.4. Sawa, lakini kila mmoja pale ni kilowati 800, juu ya milima, hiyo si habari ya paa la nyumba.

Kwa hiyo anaeuliza yuniti ngapi hapingi upepo, anauliza serikali ilipie nini. Hili Wamarekani wamelipitia. Miaka ya mwanzo ya 1980 California watu walipunguziwa kodi kwa kusimamisha mtambo tu, uzunguke usizunguke, milima ikajaa vyuma na vingi vikafa mapema, punguzo la serikali kuu likaisha 1985. Sheria yao ya 1992 ikageuza, ukalipwa kwa yuniti uliyotoa. Waingereza nao 2010 wakalipa wazalishaji wadogo kwa yuniti, mpaka walipofunga mlango kwa wapya 2019. Ruzuku ya kununulia mtambo kwetu ingemtajirisha nani? Mwenye kontena.

Hapa kuna jibu wanalonipa na linaniuma kidogo: kulipwa kwa yuniti kunamfaa mwenye mtaji, hoteli, si mvuvi wa Kojani, huyo hana pa kukopa. Kweli. Lakini mvuvi huyo ukimpa mtambo wa bure na hakuna fundi wa beringi umempa nguzo ya kuanikia nyavu. Kina mama waliosomeshwa sola pale Kinyasini wanatengeneza wenyewe vijijini mwao, ndio maana taa zao zinawaka, nani kasomeshwa pangaboi?

Pesa ya serikali mie ningeianzia kwenye milingoti ya kupimia upepo, ya kuazimisha. Shehia inayotaka upepo ipewe kipimo mwaka mzima, kaskazi, kusi, na maleleji zote mbili, sababu upepo unapogeuka ndipo unapokufa na mara nyingi ndipo na mvua zinapoingia, sola nayo inakonda. Namba zikiwa nzuri, ZURA, mdhibiti wetu wa nishati, iweke bei ya yuniti na ZECO, shirika letu la umeme, inunue, isingoje bara, maana EWURA, mdhibiti wa huko, haivuki bahari.

Shemegi kamba hajaifungua. Ila juzi kaniuliza hicho kipimo kinauzwa wapi, na kama kinanguruma.