Kompyuta Imezimwa, Modemu Inamkonyezea Nani?

Nimezima kompyuta, nimezima taa ya chumba, nimejifunika shuka hadi kidevuni, na bado modemu ya kebo, kile kiboksi kinacholeta intaneti nyumbani kwa waya, inakonyeza kijani pale kwenye rafu. Inaongea na nani usiku huu wa manane? Taa yake ya umeme naielewa, na ile ya intaneti nimeikubali, kwa kuwa modemu hubaki imeunganishwa na mtoa huduma hata kompyuta ikilala fofofo. Lakini hii taa ya kompyuta kwenye modemu inawakaje ilhali kompyuta yenyewe imezimwa? Eti kadi ya mtandao, kile kipande cha kompyuta kinachoiunganisha na mtandao, huendelea kunyonya umeme kidogo ili iweze kuamshwa kutoka mbali. Na ile inayorukaruka kama nondo aliyenaswa? Eti ni ujumbe wa jumla, unaotumwa kwa wote, unaopita kwenye kebo tunayochangia na majirani, yaani nakoseshwa usingizi na mazungumzo yasiyonihusu! Mwenzangu, nawe si umewahi kuinuka gizani, ukachomoa waya na kuurudisha, kisha ukazikodolea macho taa zikihangaika upya kutafuta masafa? Na huyo aliyeandika maana ya kila taa kwa herufi ndogo kuliko chawa, tena nyeusi juu ya plastiki nyeusi, alitarajia zisomwe na nani?