Mlango wa kuhariri: uwe wazi au uwe na bawabu?

Desemba 2020 tovuti ya MDN iliacha kuwa wiki, yaani tovuti ambayo msomaji anaweza kuihariri mwenyewe. Anayetengeneza tovuti, awe Nairobi au Tokyo, anaijua: ni hazina ya Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ya maelezo ya HTML, CSS na JavaScript, lugha za kutengenezea tovuti, na tangu 2005 imekuwa ikiandikwa na wafanyakazi wa Mozilla bega kwa bega na watu wa kujitolea. Mtu alikuwa akiona kosa anabofya kitufe cha kuhariri, anasahihisha, anahifadhi, na sahihisho linasomeka dunia nzima papo hapo. Baada ya Desemba ile, maandishi yote yalihamia GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi inayotumia Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la faili. Sasa hata ukitaka kuongeza mkato mmoja, unatuma ombi. Mwingine analisoma, halafu analipitisha au analirudisha na maswali.

Mimi na wenzangu watatu tunatunza tovuti ya programu huria ndogo, bila malipo, usiku baada ya kazi. Tumefika kwenye njia panda hiyo hiyo na tumebishana mpaka sauti zikapanda. Naandika nikiwa upande wa bawabu, yaani mtu wa kupitia kila badiliko kabla halijachapishwa. Lakini upande huu una deni, na sisi tulio ndani yake hatulitaji vya kutosha.

Kwanza, kwa nini bawabu. Wengi hudhani adui wa wiki ni mhuni anayebandika matangazo ya kamari. Huyo hasumbui sana: anaonekana mara moja, na historia ya wiki inaurudisha ukurasa ulivyokuwa. Wa kuogopwa ni mwenye nia njema. Mwongozo wetu wa usakinishaji ulikuwa na amri ya kufuta data za toleo la zamani: rm -rf ./data. Mchangiaji mmoja, mtu aliyekwisha kutusahihishia tahajia kurasa nzima nzima, aliiona ile nukta kabla ya mkwaju akadhani imeponyoka kidole. Akaiondoa. Nukta ile ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba folda inayotajwa ni iliyo hapa hapa ulipo. Ikiondoka, amri inakwenda kwenye folda nyingine kabisa, iliyo kwenye mzizi wa diski, na kuifuta bila kuuliza. Sahihisho hilo lilikaa hewani siku 2. Mtu wa pili angelitazama hata kwa dakika 1, lisingemfikia msomaji.

Kuna pia suala la usalama. Wiki yenyewe ni programu inayopokea maandishi ya wageni, na programu hutoboka. Mwaka 2012 wavamizi waliingia kwenye wiki ya Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, kupitia tundu la MoinMoin, programu iliyokuwa ikiiendesha, na watumiaji wakalazimika kubadilisha nywila. Kurasa zinazozalishwa kutoka kwenye faili za Git hazina mengi ya kuvamiwa.

Sasa deni lenyewe. Tafsiri yetu ya Kiswahili inapitiwa na mwalimu wa sekondari aliyeko Morogoro. Anakijua Kiswahili kuliko sisi wote wanne tukiunganishwa. Hatumii Git. Anazichapa kurasa kwenye karatasi, anazisahihisha kwa kalamu nyekundu kama daftari za wanafunzi, anazipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp. Kwenye picha moja amekata neno "gonga" mara 6 na kuandika "bonyeza", na pembeni: "Kitufe hakigongwi." Ninayaingiza masahihisho yake usiku, kwa akaunti yangu. Matokeo yake, kwa muda mrefu historia ya mradi ilinionyesha mimi kuwa mhariri wa Kiswahili, na yeye hakuwepo kabisa. Git inaruhusu kutaja mshiriki mwingine kwenye badiliko, nasi sasa tunamtaja, lakini ilituchukua muda kuliona hilo kuwa ni haki yake.

Anayetetea Git ataniambia kwamba GitHub ina alama ya kalamu, unahariri kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Ni kweli. Jaribu hivyo kwenye simu yenye bando la kubana, ukiwa mwalimu uliyetoka kufundisha vipindi 6, na kila ujumbe unaokujia ni wa Kiingereza kuhusu tawi na nakala na kuunganisha. Wiki ingemwambia: andika, hifadhi.

Na mlango wenye bawabu unahitaji bawabu aliye zamu. Hapa ndipo MDN inapofundisha zaidi. Ilipohama, tafsiri zote ziligandishwa kwanza. Zikafunguliwa tena zile tu zilizopata kikundi cha kupitia maombi, kama Kifaransa, Kijapani na Kichina. Nyingine ziliondolewa, na Kijerumani kilikuwamo, lugha yenye waandishi wa programu tele. Ikiwa Kijerumani kilikosa mabawabu, Kiswahili kingetoa wapi?

Na si watafsiri tu. Agosti ya mwaka ule ule Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, na waandishi wa MDN walikuwa miongoni mwao. Januari 2021 ikaanzishwa Open Web Docs, kwa michango ya makampuni kama Google, Microsoft na Igalia, ili kuwalipa watu wa kuandika na kupitia kazi za wengine. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema "tufanye kama MDN", namuuliza: utawalipa kina nani? Kilichoifanya MDN isimame baada ya kuhama ni watu wanaojibu maombi, na wengine wao ndiyo kazi yao ya mchana. Sisi wadogo tunaiga geti bila walinzi wake, ombi linakaa wiki 3 bila hata "asante, tumeliona", na aliyelituma harudi.

Debian wamefanya jambo ninalolipenda. Tovuti yao kuu iko nyuma ya geti, kwenye Git tangu 2018 ilipohama kutoka CVS, programu ya zamani ya kazi hiyo hiyo, na pembeni wameiacha wiki kwa mambo yanayobadilika haraka. Zaidi ya hapo, kila ukurasa uliotafsiriwa una mstari kwenye faili yake unaotaja ni toleo lipi la asili lililotafsiriwa. Asili ikibadilika na tafsiri ikachelewa mno, ukurasa wenyewe unamwonya msomaji kwamba umepitwa na wakati. Uchovu wa watu wa kujitolea haufichwi, na msomaji hapotoshwi.

Ndiyo maana kwenye kikao chetu nimependekeza kurasa zenye amri, viungo vya kupakua na maelezo ya usalama zibaki na bawabu, tena wawili. Maelezo ya kawaida na tafsiri ziende kwenye wiki, zikiwa na onyo la tarehe kama la Debian. Na ombi la tahajia likimaliza siku 7 bila jibu, yeyote kati yetu alipitishe bila kungoja mwenzake. Mmoja wetu amekataa kipengele hicho cha mwisho kwa sababu ya ile nukta, nami sina jibu kamili la kumpa, kwa kuwa siku ile nukta nayo ilionekana kuwa ni tahajia tu.